Masika ya Majibu Chanya

Machi 6

Mvua ya kwanza imeshuka leo alasiri, na imetukuta mezani tukibishana. Nalitaja hilo mapema kwa sababu yeyote atakayezisoma kurasa hizi, hata akiwa ni mimi mwenyewe nikiwa mzee, hana budi kujua kwamba katika nyumba hii kubishana ndiko kuongea. Baba hubisha kwa mzaha, mama kwa kunyamaza, dada kwa kuondoka. Mimi hubisha kwa hoja.

Ubishi wa leo ulihusu uchovu wa baba. Baba ni fundi wa vyoo: huchimba mashimo, huyajengea, huyafunika, na mtaa mzima humwita Mzee Mashimo. Zamani alikuwa akitoka shimoni anapiga mluzi. Siku hizi hutoka ameshika ukuta, huketi juu ya ndoo iliyofudikizwa na kutazama chini mpaka pumzi irudi. Viganja vyake vimepauka. Nilimwambia kwamba huo ni upungufu wa damu, na kwamba damu haipungui mwilini bila kwenda mahali. Akaniuliza kama shahada ya lugha siku hizi inatoa na madaktari. Nikamjibu kwamba shahada imenifundisha kusoma, na anayejua kusoma hahitaji kibali cha mtu. Mama akaondoa sahani kabla hatujamaliza.

Mwishowe amekubali kwenda kituo cha afya. Nimeshinda.

Machi 9

Daktari wa kituo amempa baba vidonge vya kuongeza damu na ameagiza kipimo cha choo. Baba alirudi amelowa chapachapa, lakini alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota mzaha mpya njiani.

“Mama watoto, wananitaka kipimo cha choo. Nimewauliza, urefu au kina?”

Mama alicheka hadi akashika fremu ya mlango. Dada, ambaye ni msusi na hudhani dunia nzima ina masikio ya saluni, alisema kwamba baba atatuaibisha. Mimi nilieleza, kwa kirefu na kwa mpangilio, kwamba wanatafuta damu iliyojificha, yaani damu iliyo kidogo mno kiasi kwamba jicho haliwezi kuiona.

“Kama haionekani, wao wataionaje?”

Nikasema kwa dawa maalumu inayoitambua.

“Basi inaonekana,” akasema, akavua viatu.

Kimantiki sentensi yake ina kasoro. Nimeitafuta jioni nzima.

Machi 10

Baba amekataa kutembea na kikopo mkononi. Dada amekipeleka, ndani ya mkoba wake, katikati ya vitana na nyuzi za kusukia.

Machi 14

Nimesoma siku kadhaa kuhusu jambo hili, na nayaandika niliyoyapata ili ubishi usiyafute. Damu ya aina hiyo yaweza kuwa ya bawasiri. Yaweza kuwa ya kidonda cha tumbo, ya mchubuko, ya minyoo inayong’ang’ania kuta za utumbo, au ya vidonge vya maumivu ambavyo baba huvitafuna kama karanga kila mgongo unapomuuma. Yaweza kutoka kwenye vinundu vidogo vinavyoota ndani ya utumbo mpana, visivyouma wala kusumbua, ambavyo vikiondolewa mapema mambo huishia hapo, na vikiachwa miaka mingi baadhi yake hugeuka. Na yaweza kuwa ya saratani. Wengi wanaokutwa na damu hiyo hawana saratani; wachache wanayo. Kipimo chenyewe hakijui ni nini. Kazi yake ni kubisha hodi, na mlango hufunguliwa na kipimo kingine, cha kamera. Tena hata kisipoona damu, mwenye dalili hatakiwi kujilaza, kwa kuwa uvimbe hauvuji kila siku.

Wakati huohuo naendelea na kazi inayonilisha. Yupo mhadhiri wa mambo ya mafanikio aliyenipa kijitabu chake nikitafsiri. Ni kurasa tisini za kumwambia mtu maskini kwamba umaskini wake ni mtazamo. Nakidharau, lakini nakitafsiri kwa heshima, kwa sababu lugha haina kosa. Neno lake kuu nimeliweka “chanya”: fikra chanya, maneno chanya, maisha chanya. Mezani leo nililitetea neno hilo kwa nguvu. Baba akataka kujua kinyume chake. Nikasema, hasi. Akaacha kula.

“Kuhasi ni kukata dume la ng’ombe. Likishahasiwa, habari yake imekwisha. Sasa mtu mzima mwenye akili zake unamwita hasi?”

Nikamweleza kwamba umbo moja la neno laweza kubeba maana mbili zisizojuana, kama choo chenyewe kilivyo.

“Basi mimi niandike kwenye chanya,” akasema. “Hiyo hasi mpelekee baba yako mdogo, watoto tisa wanamtosha.”

Dada alipaliwa na maji. Hata mimi nilicheka, ingawa hoja ilikuwa imepotea.

Machi 19

Leo ilikuwa siku ya majibu. Asubuhi baba alitaka nimsaidie kuchanganya saruji mahali fulani kabla hajapitia kituoni, nami nikamwambia kwamba sikukaa darasani miaka yote ile ili nije nishike sepetu, na kwamba zimebaki kurasa kumi na moja za kijitabu. Alikwenda peke yake katika mvua.

Alirudi saa tisa, amechangamka. Alisema majibu ni mazuri, kwamba nesi amemsomea yeye mwenyewe na hakuna la kutisha. Mama alifunga macho kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Mimi nami nilifurahi. Lakini nitakuwa mwongo nikificha kwamba, chini ya furaha ile, kuna kitu kilichonichoma: nilikuwa nimeandaa hoja za kumpeleka hospitali kubwa, na sasa hazina kazi.

Machi 20

Mvua. Kijitabu kimekwisha.

Machi 28

Mvua imebomoa ukuta wa shimo ambalo baba alikuwa amelifikisha nusu. Mwenye nyumba anamlaumu. Baba amelala mchana kutwa, uso ukutani. Nilimwambia kwamba mtu aliyeambiwa hana ugonjwa hana haki ya kulala mchana. Naona tarehe 14 niliandika kwa busara zaidi kuliko nilivyosema leo.

Aprili 3

Choo chake kimekuwa cheusi, anasema. Nilimweleza kwamba ni vile vidonge vya madini ya chuma. Hivyo ndivyo vinavyofanya, imeandikwa. Aliridhika. Huniridhia mambo mengi siku hizi, jambo ambalo lilipaswa kunishtua.

Aprili 8

Mvua tangu alfajiri.

Aprili 12

Dada amesema mezani kwamba baba anakonda, kwamba shati lake la kutokea linamning’inia kama limeanikwa. Nikamwambia kwamba saluni imemzoesha kutazama watu kwa nje. Kipimo kimefanyika, majibu yamekuja, nikasema, na ushahidi ni ushahidi. Dada akaniuliza kama niliuona huo ushahidi kwa macho yangu. Nikamjibu kwamba baba ni mtu mzima, anajua kusikia. Akachukua mwavuli wake, akaondoka.

Aprili 13

Dada hajaja kutoka kwake. Mvua.

Aprili 21

Nitajaribu kuiandika siku hii kwa utaratibu, kwa kuwa utaratibu ndio pekee nilionao.

Mhadhiri wa mafanikio alinialika kwenye semina yake, nikaenda asubuhi. Watu mia mbili walisimama wakapiga makofi na kuimbishwa maneno niliyoyachagua mimi mwenyewe. Nilirudi nyumbani kabla haijaisha. Wakati wa chakula nilianza kulishambulia neno langu: nilisema kwamba chanya limegeuka pipi, kwamba watu wanalimung’unya ili wasisikie ladha ya maisha yao, kwamba najuta kulipa sauti tamu kiasi kile. Nilikuwa naongea vizuri. Nakumbuka nilijisikiliza.

“Usilitukane,” baba akasema. “Mimi neno hilo ndilo linalonilaza usiku.”

Nikamuuliza kivipi, nikidhani anatania.

“Si majibu yangu? Nesi kanisomea: mzee, majibu yako ni chanya. Nikamuuliza, una hakika siyo hasi? Kasema siyo hasi kabisa, ni chanya. Nikamshukuru. Nikamwambia mwanangu ndiye fundi wa neno hilo, yuko nyumbani anatengeneza kitabu chake.”

Alikuwa anatabasamu. Alikuwa amelitunza jambo hili mwezi mzima kama sifa yangu, akingoja nafasi ya kuniambia.

Mama alisimamisha kijiko. Baba ndiye aliyeuliza, taratibu, kama anayepima kina kwa kamba.

“Kwa hiyo chanya ni mbaya?”

“Kwenye vipimo, baba, chanya maana yake walichokitafuta wamekikuta.”

“Walitafuta damu.”

“Ndiyo.”

“Wameikuta.”

“Ndiyo, baba.”

Akavuta beseni, akanawa mikono ilhali chakula chake kilikuwa bado nusu. Kisha akasema kwamba nesi alimwambia pia apeleke karatasi kwa daktari, na daktari siku ile hakuwapo, na nesi akamwomba arudi kesho yake. Lakini mtu mwenye majibu mazuri anarudi kusumbua watu wa nini. Aliyasema haya kwa kunitetea. Kila sentensi aliielekeza kwangu, kama anayenipa mkono nivuke.

Mama, ambaye hubisha kwa kunyamaza, alisema neno moja tu leo.

“Nani alileta neno hilo humu ndani?”



Aprili 22

Nilikwenda kituoni nikiwa na hotuba. Nilikuwa nimeipanga njia nzima: dibaji, lawama, hitimisho. Paa la kituo linavuja. Foleni ilikuwa imejikunja kwenye pembe moja kavu, na nesi yule alikuwa akisukuma ndoo kwa mguu huku akiandika. Nilimkumbusha habari za baba. Alimkumbuka.

“Yule mzee aliyefurahi. Nilishangaa. Nikajua amepiga moyo konde.”

Nikamwambia hakupiga moyo konde, alielewa kinyume. Nikamwambia alipaswa kusema kwamba damu imeonekana, si kumtupia mzee wa watu neno la vitabuni. Nilisema kwa sauti, na foleni ikageuka kunitazama.

“Ndivyo tunavyosema hapa, kaka. Ni neno lenu nyinyi wasomi, mimi nimefundishwa tu.” Kisha akaiweka kalamu chini. “Nyumbani hakuna aliyeomba kuiona karatasi?”

Nikajibu kwamba hilo siyo swali linalojadiliwa. Nilimjibu vizuri, na pale foleni ikakubaliana nami. Nimeshinda tena.

Nililotaka kuliandika ni jingine. Nilipokuwa bado nimesimama, yeye aliondoka kwenye kiti chake, akavuka uwanja katika mvua bila mwavuli, akamtafuta daktari, akarudi na barua ya rufaa iliyolowa pembe. “Mpeleke kesho,” akasema. “Usingoje jua.” Nimemchukia siku nzima na sasa nimechoka kumchukia.

Aprili 23

Hospitali kubwa. Kipimo cha kamera tumepangiwa Mei 11. Niliwaambia ni mbali. Wakanionyesha ukumbi uliojaa watu ambao tarehe zao ni za mbali zaidi.

Aprili 30

Wengi wanaokutwa na damu hawana saratani. Niliisoma tena sentensi ile leo, nikaisoma kwa mama. Mama akaniuliza, “Waliosema hivyo wamemwona baba yako?”

Mei 4

Mvua. Baba anashikwa na tumbo baada ya kula, kwa hiyo ameacha kula.

Mei 10

Kesho ni kamera, na leo ilikuwa siku ya kusafisha utumbo. Dawa huchanganywa na maji mengi, hunywewa kidogo kidogo, na baada ya hapo mtu hana uhuru tena na nafsi yake.

Choo chetu kimejaa maji ya mvua tangu juzi. Fundi wa vyoo vya mtaa mzima hakuwahi kupata nafasi ya kuliinua shimo la nyumbani kwake. Ikabidi atumie choo cha jirani yetu mjane, alichomjengea mwenyewe mwaka juzi. Ni kuvuka uchochoro, kupita ubao uliolazwa juu ya mtaro, na kupanda ngazi. Mara ya kwanza alikwenda amenyooka. Mjane alimwambia ajisikie yuko kwake, baba akamjibu kwamba amekuja kukagua kazi. Mara ya pili alisema mkaguzi amesahau kitu. Watoto wa mjane wakacheka. Baadaye mzaha ulikwisha, kwa kuwa mzaha nao unahitaji pumzi.

Dada alifunga saluni akaja. Alimshika baba kwa mkono mmoja na mwavuli kwa mwingine, akaenda naye na kurudi naye mchana kutwa, matope yakifika kwenye pindo la gauni lake. Alasiri baba hakuwahi kufika. Alisimama katikati ya uchochoro, mvua ikimpiga, akatazama chini kama atazamavyo anapoketi juu ya ndoo yake kazini. Dada alisogeza mwavuli mbele yao ili barabara isione. Akamwambia, “Haya baba, twende, maji yapo ya moto,” kwa sauti ileile anayowaambia wateja waketi. Alimwogesha. Alifua nguo zile peke yake, nyuma ya nyumba, na nilipomwendea akanituma sabuni.

Na mimi? Mimi nilisimama barazani na karatasi ya maelekezo ya dawa, nikiwasomea vipimo. Niliwahi kuandika humu kwamba dada hutazama watu kwa nje. Sijui nilidhani watu wanatazamwa wapi kwingine.

Mei 11

Daktari wa tumbo ni mwanamke, huenda ananizidi miaka mitatu. Baada ya kazi aliniita ndani peke yangu. Baba alikuwa bado na dawa ya usingizi. Daktari alisema kamera haikuweza kupita. Upande wa kushoto wa utumbo mpana kuna uvimbe uliozunguka kuta zote, umeacha njia nyembamba kama unene wa penseli. Amekata kipande kwenda kupimwa, na ameagiza picha ya ini.

Nilimuuliza kama yaweza kuwa kitu kingine. Akasema, “Yaweza.” Alisema kama mtu anayempa mtoto kitu cha kushika.

Mei 13

Tunangoja.

Mei 16

Tunangoja. Mvua.

Mei 17

Nimerejesha kitabu maktaba bila kukimaliza. Haijawahi kutokea.

Mei 20

Mhadhiri wa mafanikio anataka nitafsiri kijitabu cha pili. Nimemwambia sina maneno.

Mei 25

Ni saratani, na imekwisha kufika kwenye ini. Kwenye picha ni madoa, mengine makubwa, yametapakaa.

Daktari alieleza vizuri, nami nikamwelewa vizuri. Huo ndio ulikuwa ukatili wake. Kukata sasa hakutauondoa ugonjwa. Utumbo ukiziba kabisa watamtoboa tumboni na kumwekea mfuko wa kupitishia choo. Zipo dawa za kupunguza kasi, zinaweza kumwongezea muda, haziwezi kumponya. Muda gani, hakusema, na sikuuliza, kwa sababu nilikuwa na swali jingine, ambalo nililibeba tangu Aprili kama jiwe kwenye kiatu.

Nikamuuliza: kama tungekuja Machi, majibu yalipotoka?

“Kitu hiki kina miaka mwilini,” akasema. “Wiki chache hizo hazikuleta tofauti kubwa.”

“Kubwa. Kwa hiyo ndogo ipo.”

“Sikusema hivyo.”

“Ulisema kubwa. Mtu hasemi kubwa mahali ambapo angeweza kusema yoyote.”

Nadhani ameonana na watu wa kila namna katika chumba kile, wanaolia na wanaozirai, lakini hakuwa amekutana na anayembana kwa kivumishi.

“Siwezi kukujibu hilo, kaka yangu. Hakuna atakayeweza.”

Nilitaka aseme ndiyo, nihukumiwe, au aseme hapana kwa namna isiyo na tundu. Maisha yangu yote nimeamini kwamba kila swali lililoulizwa sawasawa lina jibu mahali fulani, na kwamba tofauti ya mjinga na msomi ni safari ya kulifikia. Hili nimeliuliza sawasawa. Nitakufa nalo.

Baba alikuwa kwenye benchi la nje, ameegemea bega la mama. Nilipotoka akaninyoshea mkono nimwinue.

“Twende nyumbani,” akasema. “Benchi lao gumu.”

Mei 27

Juzi usiku nilimweleza mama, naye amenikataza kumwambia baba. Nilimwambia kwamba mwili ni wake, kwamba ana haki ya kujua, kwamba kumficha mtu habari za uhai wake ni kumwibia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunika sufuria, akasema, “Umemaliza?” Nikasema nimemaliza. Akaenda kumgeuza baba ubavu.

Mei 30

Mvua zinapungua. Wageni wanakuja, mafundi wenzake, wenye nyumba aliowachimbia. Anawaambia daktari kasema apumzike, na kwamba yeye naye alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia hivyo. Wanacheka. Wakitoka nje hawacheki.

Mjane wa jirani ameleta supu na hakutaka kuketi.

Juni 2

Hajapata choo siku ya tatu. Tumbo limevimba. Dada analala hapa sasa, sakafuni, karibu na kitanda chake.

Juni 3

Hospitali. Wamemwekea mfuko. Muuguzi wa wodi alitufundisha kuubadilisha: mama, dada na mimi tukiwa tumesimama kwa mstari kama wanafunzi. Nilikosea kuubandika, dada akamaliza.

Juni 7

Yuko nyumbani. Mvua haikunyesha leo.

Juni 8

Haikunyesha. Nguo zimekauka kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Juni 10

Mama alikwenda sokoni, dada akapitia saluni kuwaomba wateja radhi. Nilibaki naye. Ilikuwa saa kumi, jua limeingia hadi kwenye miguu ya kitanda. Nilikuwa nimeazimia kumwambia leo, mama apende asipende. Nilikuwa nimetafuta maneno mepesi, nimeyapanga na kuyapangua, nimeondoa kila lenye pande mbili. Nikavuta kigoda.

“Baba, kuhusu yale ya daktari…”

Akainua mkono, ukasimama hewani, mwepesi kama ganda.

“Nimeuona uso wa mama yako siku ile. Unatosha.”

Sentensi zangu zote zikabaki pale nilipozipanga. Nilifikiri amelala, kisha akasema, bila kufumbua macho:

“Niongeleshe, Profesa. Ila leo usinifundishe.”

Hivyo ndivyo anavyoniita tangu nilipoingia chuoni, kwa kunicheka na kwa kujivuna, na sikuwahi kujua ni lini anafanya lipi. Nikafungua kinywa. Nilikuwa na habari za mvua, lakini zilinijia kama maelezo ya kwa nini hunyesha. Nilikuwa na habari za mtaro uliokauka, lakini zikageuka lawama kwa wanaotupa taka. Nikakumbuka kisa kimoja cha chuoni cha kuchekesha, nikakuta mwisho wake mimi ndiye mwenye haki. Nilitafuta katika kila nilichowahi kusoma, na katika miaka yote tuliyokaa meza moja, neno moja la kumwambia baba ambalo si hoja wala si somo. Yeye alingoja. Uso wake ulikuwa umenielekea, mvumilivu, kama mtu aliyesimama kwenye dirisha la ofisi na kuambiwa asubiri kidogo.

Jua likapanda kutoka miguu ya kitanda hadi kwenye blanketi. Nilipolipata neno, lilikuwa hili: kwamba supu imepoa, nimpashie? Nikainama niliseme. Alikuwa amekwisha lala.